Siku nzima kwenye speelbos: mwongozo kamili kwa familia zilizoko Uholanzi

Ukiona kibao ukingoni mwa msitu wa Uholanzi kimeandikwa speelbos, yaani msitu wa kuchezea, usitafute bembea za rangi wala mteremko wa plastiki. Utakachokuta ni magogo yaliyolazwa, mtaro wa maji wenye matope, vilima vya mchanga, marundo ya matawi makavu na miti ambayo watoto wanaruhusiwa kuipanda. Familia zetu nyingi zikifika mara ya kwanza huzunguka dakika kumi, zikaona hapa hakuna kitu, zikageuza. Ni hasara kubwa. Kwa mtoto anayeishi ghorofani Rotterdam, Almere au Den Haag, sijui mahali pengine anapoweza kumaliza siku nzima akicheza kwa mikono yake mwenyewe bila mzazi kutoa hela. Ila msitu huo unamtaka mzazi aliyejiandaa, na zaidi ya hapo unamtaka mzazi anayeweza kukaa pembeni. La kwanza ni rahisi kulifundisha. La pili litachukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Kwanza, jua unakokwenda

Misitu mingi ya aina hii iko chini ya Staatsbosbeheer, shirika la misitu la serikali lililoanzishwa mwaka 1899. Mingine ni ya Natuurmonumenten, chama cha hifadhi ya mazingira cha tangu 1905 kinachoendeshwa kwa michango ya wanachama, ambacho kina programu ya watoto iitwayo OERRR. Manispaa nazo zina maeneo yake, hasa ndani ya miji, na hayo huitwa natuurspeeltuin.

Kanuni moja ndiyo inayotenganisha speelbos na msitu wa kawaida. Katika msitu wa kawaida wa hifadhi unatakiwa ubaki njiani. Ndani ya speelbos mtoto anaruhusiwa kuacha njia, kupanda, kuchimba, kuvuta matawi na kujenga. Ruhusa hiyo inaishia mpakani mwa eneo, kwa hiyo ukifika tu, soma kibao cha mlangoni na umwonyeshe mtoto mpaka kwa kidole: mwisho wetu ni ule mtaro, na upande ule ni lile gogo kubwa. Kibao hichohicho kitakuambia kama mbwa wanaruhusiwa na saa za kuwa msituni, ambazo kwa kawaida ni tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Kupiga hema na kulala msituni popote unapotaka ni marufuku nchi nzima.

Usishangae ukiona msitu umenyooka kama shamba. Misitu ya Uholanzi ni kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya nchi kavu yake, na karibu yote ilipandwa na watu. Misonobari mingi ya Veluwe ilipandwa ili itoe nguzo za migodi ya makaa ya mawe. Amsterdamse Bos, msitu wa kama hekta 1,000 kusini magharibi mwa Amsterdam, ulianza kutengenezwa mwaka 1934 kama mradi wa kuwapa kazi watu waliokosa ajira, tena juu ya ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari. Mmoja wa waliousanifu ni Jacoba Mulder, mwanamke ambaye baadaye, mwaka 1947, alikuwa nyuma ya wazo la kuweka viwanja vidogo vya watoto katika mitaa ya Amsterdam, na mchoraji wake akawa kijana Aldo van Eyck. Van Eyck alikuja kuchora viwanja vinavyopita 700, na karibu vyote vilikuwa vitu vitupu: shimo la mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vya kuning'inia. Mtoto ndiye aliyeamua ni vya nini. Ninalitaja hili kwa sababu utupu wa speelbos hautokani na uhaba wa fedha. Hivyo ndivyo ulivyokusudiwa.

Kuchagua msitu

Anza na umri wa mtoto wako mdogo kuliko wote, kisha umbali. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anatosheka na mchanga, gogo moja na dimbwi. Huna haja ya kusafiri saa mbili kumtafutia hayo. Wa miaka minne hadi saba anataka maji, vilima na kijumba cha matawi. Kuanzia miaka minane anataka kamba ya kubembea juu ya mtaro, mashua bapa ya kujivuta kwa kamba, miti mirefu na nafasi ya kupotea machoni pako kwa muda.

Kwa familia ya mjini isiyozoea msitu, nashauri muanzie mahali palipozungushiwa mipaka. Rotterdam ipo Speeldernis, katika Roel Langerakpark upande wa Blijdorp. Amsterdam lipo Het Woeste Westen, ndani ya Westerpark, lenye mitaro, matope na vijumba vya matawi. Huko mtoto hawezi kutokea barabarani, na mzazi hujifunza polepole. Sehemu kama hizi zina saa za kufungua, na nyingine hutoza kiingilio, kwa hiyo hakikisha kwanza. Mkishazoea, nendeni kwenye speelbos ya Staatsbosbeheer kama ile ya Nieuw Wulven, msitu wa umri mdogo karibu na Houten katika mkoa wa Utrecht. Walioko Haarlem au Amsterdam wanaweza pia kwenda Amsterdamse Waterleidingduinen, matuta ya mchanga yanayochuja maji ya kunywa ya Amsterdam tangu 1853. Hapo kuna kiingilio, mbwa na baiskeli haviruhusiwi, lakini kuacha njia kunaruhusiwa, na swala wa madoa wako wengi kiasi kwamba mtoto hatakosa kuwaona. Wasilishwe chochote.

Ukipanga kwenda Veluwe au Utrechtse Heuvelrug, ongeza jambo moja: angalia tangazo la mkoa kuhusu mbwa mwitu. Walirudi Uholanzi wenyewe, na tangu 2019 wanazaliana Veluwe. Mwezi Julai 2024 mkoa wa Utrecht uliwashauri wazazi wasiende na watoto wadogo katika misitu ya upande huo, baada ya mtoto kuumwa huko Den Treek karibu na Leusden, na mwaka uliofuata likatokea tukio jingine karibu na Austerlitz. Ushauri kama huo ukiwepo, chagua msitu mwingine. Iko mingi. Ukikutana na mbwa mwitu bila kutarajia, watoto wasikimbie. Wakusanye, mbebe mdogo, simama wima, piga kelele na rudi nyuma taratibu huku ukimtazama.

Wazazi wetu wengi huuliza kwanza kuhusu nyoka, na wana haki. Nyoka mwenye sumu wa asili wa Uholanzi ni mmoja tu, adder, anayeishi hasa kwenye nyika za Drenthe na Veluwe, naye hukimbia akisikia vishindo. Katika speelbos ya kawaida si yeye wa kumwogopa. Wa kumwogopa ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na nitamfikia mwishoni.

Kuchagua siku

Shule nyingi za msingi huwaachia watoto mchana siku ya Jumatano, na ndiyo siku ninayoipenda: kuna watoto wa kutosha kwa mtoto wako kupata wenzake, lakini hakuna msongamano wa Jumapili. Likizo za shule hupangwa kwa kanda tatu, kaskazini, kati na kusini, hivyo wiki ambayo kanda yako iko shule na jirani yako likizo, misitu ya mpakani hujaa.

Mvua isikuzuie. Angalia Buienradar, tovuti ya rada ya mvua, uone wingu linapita saa ngapi, vaa, nenda. Kinachozuia ni upepo. KNMI, idara ya hali ya hewa, ikitoa tahadhari ya rangi ya njano kwa upepo mkali, baki nyumbani, na usiende siku inayofuata pia, kwa sababu matawi yaliyovunjika bado yananing'inia juu. Ni vivyo hivyo ukikuta njia imefungwa kwa sababu ya miti ya es (ash kwa Kiingereza). Kuvu umeishambulia miti hiyo nchi nzima, nayo huanguka hata siku tulivu. Usiruke kizuizi.

Kila majira yana chake. Aprili na Mei msitu una vyura na maua. Julai na Agosti maji yana joto la kuchezeka. Oktoba, wiki ya herfstvakantie (likizo ya vuli), majani makavu yamejaa kwa ajili ya vijumba, mbegu za mwaloni ziko chini kwa maelfu, na kupe wameanza kupungua. Mimi ningeanza Oktoba.

Nguo na mkoba

Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Mtoto aliyevaa suruali ya jeans na raba, ikinyesha kidogo tu, atalia baada ya nusu saa, na si kwa sababu hapendi msitu. Ana baridi.

Vaa kwa tabaka. Ndani kabisa iwe nguo nyembamba ya sufu au ya kutoa jasho. Pamba ikilowa hubaki na maji na kumpoza mtoto. Juu yake sweta, na juu kabisa koti na suruali ya mvua, ile inayouzwa kwa jina la regenpak. Miguuni gambuti zenye nafasi ya soksi nene. Gambuti inayobana huleta baridi haraka kuliko isiyobana. Suruali ya ndani ichomekwe kwenye soksi hata siku ya jua. Kuanzia Machi hadi Oktoba mikono iwe mirefu, na rangi iwe nyepesi ili mdudu aonekane. Kwa mtoto wa kike aliyesukwa au mwenye nywele zilizoachwa, funga kitambaa au vaa kofia inayofunika mstari wa nywele nyuma ya shingo. Mtakaporudi utanishukuru.

Nguo ziwe kuukuu. Najua kwetu mtoto hutolewa nje akiwa nadhifu, na bibi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa au Bujumbura atasikitika akimwona mjukuu amepakwa matope hadi masikioni. Mweleze bibi mapema, kabla hamjatoka, ili asije akamkataza mtoto mara tu anapoanza kufurahi. Usimvalishe nguo ambayo itakufanya wewe useme "angalia utachafuka".

Mkoba wa mzazi ubebe:

- seti kamili ya nguo za kubadilisha kwa kila mtoto, hadi soksi na chupi, ndani ya mfuko wa nailoni ambao baadaye utabeba zilizolowa
- taulo moja ndogo na chupa ya maji ya kunawa
- tishu na mfuko wa taka, kwa sababu mara nyingi hakuna choo wala pipa
- kifaa cha kung'olea kupe, kinauzwa duka lolote la dawa kama Kruidvat au Etos, au kibanio chenye ncha nyembamba
- plasta, dawa ya kusafishia kidonda, mkanda wa gundi
- chakula zaidi ya unavyodhani

Kuhusu chakula, beba kinacholiwa kwa mkono mmoja mchafu: chapati iliyokunjwa na mayai ndani, mandazi, viazi vya kuchemsha, ndizi. Chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye chupa ya chai huokoa siku ya Novemba kuliko koti lolote. Mwezi Agosti na Septemba epuka soda na juisi ya kopo wazi. Nyigu huingia ndani, na mtoto akinywa huumwa mdomoni. Nyama ya kuchoma iacheni nyumbani. Moto wa aina yoyote msituni ni marufuku, na majira ya ukame hata kijiti cha sigara kinaweza kuunguza nyika nzima.

Kufika

Kwa treni, watoto chini ya miaka minne hawalipi, na wa miaka 4 hadi 11 wana tiketi ya Railrunner, ya siku nzima kwa bei ndogo. Mtu mzima anaweza kugusisha kadi yake ya benki mlangoni pa stesheni, ila kila mtu awe na kadi yake. Kutoka stesheni hadi msituni ndiko penye ugumu, kwani basi la Jumapili huja mara moja kwa saa. Angalia saa ya basi la kurudi kabla ya la kwenda.

Kwa baiskeli au kwa miguu, tumia namba za knooppunten. Kila njiapanda ina kibao chenye namba, na vishale vinaelekeza namba inayofuata. Andika mfuatano wa namba kwenye karatasi, mpe mtoto wa miaka saba aongoze njia. Atafika akiwa tayari anajiona mwenyeji.

Nusu saa ya kwanza

Mkifika, mtoto wa mjini atasimama na kukuuliza, "Tufanye nini?" Usijibu kwa kumpangia mchezo. Onyesha mpaka, tajeni mahali pa kukutana, kisha wewe tandika kitambaa, keti na mimina chai. Atazunguka, atalalamika, ataokota fimbo. Ikipita robo saa, mara nyingine nusu saa, fimbo imekuwa kitu. Ukiingilia kabla ya hapo, utakuwa umemwondolea mtoto kazi ambayo ndiyo mchezo wenyewe, na siku nzima atakusubiri wewe umburudishe. Mtoto mdogo sana anayekung'ang'ania, nenda naye, lakini fanya kazi yako mwenyewe karibu naye, mfano kupanga mawe, bila kumwita. Atajiunga.

Kuketi hakuna maana ya kutoangalia. Weka simu mfukoni. Kaa mahali unapoona maji, maana hayo ndiyo yanayohitaji macho yako, na acha masikio yafuate miti.

Kuna tofauti moja ambayo ningependa kila mzazi aibebe kichwani: hatari anayoiona mtoto na mtego asiouona. Urefu wa tawi anauona, na mwili wake mwenyewe humwambia asimame. Tawi lililooza ndani, kioo kwenye majani, maji yenye kina ghafla, hivyo haviwezi kumwonya. Kazi yako ni kuondoa mitego kabla ya mchezo, kwa kupita eneo lote mara moja. Hatari anayoiona mwachie apambane nayo.

Kupanda miti

Usimnyanyue mtoto ukamweka mtini, hata akikuomba kwa machozi. Anayepanda kwa nguvu zake hufika pale tu ambapo mwili wake unamudu kushuka. Aliyewekwa hajui alikopita, na kushuka hawezi. Mfundishe kuwa viungo vitatu viwe vimeshika daima, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Akanyage tawi karibu na shina. Tawi lisilo na majani wakati wenzake wanayo limekufa. Gome la mti wa beuk (beech kwa Kiingereza) ni laini na likilowa huteleza sana, kwa hiyo baada ya mvua hamieni kwenye mwaloni.

Kabla ya kupanda, vua kofia ya baiskeli, skafu na koti lenye kamba ya shingoni. Kofia ikinasa kati ya matawi mtoto huning'inia kwa shingo. Hili ni la lazima.

Akikwama juu, usipige kelele "utaanguka!" Simama chini yake, sema kwa sauti ya kawaida: mguu wa kushoto shusha kidogo, hapo pana tawi, umelipata? Maneno hayo humshusha. Hofu yako humgandisha.

Kujenga kijumba cha matawi

Hii ndiyo kazi inayowaunganisha watoto wasiojuana, na mtoto ambaye Kiholanzi chake bado kichanga hupata marafiki hapa kuliko uwanjani pa shule, kwa sababu gogo zito halihitaji sarufi, linahitaji mkono wa pili.

Tumieni matawi yaliyoanguka tu. Msikate lililo hai, msipige misumari. Tafuteni mti mzima wenye panda kwenye kimo cha kifua cha mtoto. Chukueni nguzo moja ndefu na ngumu, ncha moja ikae kwenye panda, nyingine ardhini. Sasa wewe mtu mzima uiegemee kwa uzito wako wote. Ikilia au kuteleza, tafuta nyingine, kwani hii ndiyo itakayobeba kila kitu. Kisha watoto waegemeze matawi ya unene wa kidole gumba pande zote mbili, wakiyabananisha, mafupi kuelekea chini. Juu yake vijiti vyembamba kwa kulala, halafu majani makavu kwa tabaka nene kuanzia chini kwenda juu ili maji yatiririke. Acheni mlango upande usiopigwa na upepo, ambao mara nyingi Uholanzi huvuma kutoka kusini magharibi.

Kwa usalama wa mabegani na machoni: tawi refu kuliko mkono wa mtoto huburutwa, halibebwi, na mwenye fimbo hakimbii. Kamba msitumie, na mkikuta kamba imeachwa mtini na mtu, isiyo ya speelbos, iondoe. Katika mchanga, shimo lisizidi kimo cha magoti ya mtoto na handaki lisichimbwe kabisa, maana mchanga humfunika mtu bila sauti.

Mkikuta kijumba cha wengine, kiingieni, kiongezeeni, msikivunje. Chenu mtakiacha pia.

Maji

Mitaro ya speelbos huchimbwa iwe mifupi ya kina, na kuna magogo ya kuvukia. Hata hivyo, kwa mtoto chini ya miaka sita uwe umbali wa mkono mmoja. Mtoto mdogo huzama kimya, tena kwenye maji ya kiasi cha ndoo.

Angalizo hili linatuhusu sisi zaidi. Watoto wengi wa Kiholanzi wana diploma A ya kuogelea wakiwa na miaka sita au saba, na wazazi wao huwaachia ukingoni kwa sababu hiyo. Mtoto aliyefika nchini juzi huwaona wenzake wanaruka, naye huruka. Kama mtoto wako hana diploma, mfuate kila anapokaribia maji, na zaidi mitaro ya mashambani nje ya mpaka wa speelbos, ambayo kingo zake ni wima na zenye utelezi. Kisha mwandikishe kuogelea, maana foleni huwa ndefu.

Majira ya joto, maji yaliyotuama yakiwa na utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, hayo ni mwani wa blauwalg na ni sumu. Asiyaguse, na akiyagusa asafishwe kwa maji safi.

Mimea na viwavi

Brandnetel huchoma na kuwasha kwa saa moja hivi, kisha huisha. Mwonyeshe mtoto jani lake mara moja, hatasahau. Reuzenberenklauw ni mmea mrefu kupita mtu mzima, wenye maua meupe kama mwavuli, na utomvu wake ukiingia ngozini na jua likapiga huunguza kweli. Osha kwa maji na sabuni, funika mahali hapo.

Kuanzia katikati ya Mei hadi Julai kuna kiwavi wa mwaloni, eikenprocessierups, atembeaye kwa msafara juu ya shina. Nywele zake huruka na upepo na kuwasha kama upupu. Manispaa hufunga utepe au kibao kwenye miti yenye viota. Msikae chini yake kula. Mtoto akianza kuwashwa, asijikune wala kusugua macho. Bandika mkanda wa gundi kwenye ngozi na uubandue mara kadhaa ili utoe nywele, kisha osha, na nguo zifuliwe kwa nyuzi 60.

Kufunga siku

Ondokeni kabla hawajachoka kabisa. Toa taarifa mapema, bado robo saa, kisha bado mchezo mmoja. Badilisha nguo zote papo hapo msituni, hata kama kuna baridi, kwa sababu safari ya kurudi kwa nguo mbichi humpoza mtoto. Taka zote zirudi nazo nyumbani, pamoja na maganda ya ndizi.

Kupe, usiku huohuo

Uholanzi watu huumwa na kupe takribani mara milioni 1.5 kwa mwaka, na kwa makadirio ya RIVM, taasisi ya taifa ya afya ya jamii, watu kama 27,000 hupata ugonjwa wa Lyme, unaoambukizwa na kupe. Maana yake, katika kila mara 100 za kuumwa, ni karibu 2 tu zinazoleta ugonjwa. Si sababu ya kukimbia msitu. Ni sababu ya kutolala kabla ya kukagua.

Kupe hukaa kwenye nyasi ndefu na vichaka vifupi, haruki kutoka mtini. Kupe mchanga ana milimita moja au mbili tu, mweusi, na kwenye ngozi yetu haonekani kirahisi. Kwa hiyo tumia vidole pamoja na macho. Mtoto akiwa ameoga, chini ya taa kali, pitisha ncha za vidole taratibu ukitafuta kipele kidogo kigumu ambacho hakikuwepo asubuhi. Nyuma ya masikio, mstari wote wa nywele, ndani ya mistari ya msuko, kwapa, kitovu, kinena, nyuma ya magoti. Watoto huumwa kichwani na shingoni kuliko watu wazima, kwa hiyo hapo rudia mara mbili.

Ukimpata, usimpake mafuta, spiriti wala kumchoma. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, kichwani mwake, mvute taratibu kwa kunyooka. Kipande cha mdomo kikibaki ngozini usihangaike, kitatoka chenyewe. Baada ya kumtoa, ndipo usafishe kwa dawa. Kadiri anavyotolewa mapema, ndivyo uwezekano wa kuambukiza unavyokuwa mdogo.

Piga picha ya mahali hapo, andika tarehe na sehemu ya mwili kwenye kalenda ya ukutani, na utazame kwa miezi mitatu. Maelezo mengi husema tafuta duara jekundu linalopanuka. Kwenye ngozi nyeusi duara hilo mara nyingi huwa la zambarau, la kahawia au weusi uliokolea tu, na wazazi pamoja na madaktari huweza kulipita. Kinachohesabika ni doa linalokua siku hadi siku, kwa hiyo lizungushie kalamu na ulinganishe kesho. Likipanuka, au mtoto akipata homa, maumivu ya viungo au uso ukilegea upande mmoja, piga simu kwa huisarts (daktari wa familia) wako siku hiyohiyo na useme waziwazi tarehe ya kuumwa. Baada ya saa za kazi na mwisho wa wiki utapiga huisartsenpost, kituo cha madaktari wa zamu, na kwa dharura ya uhai ni 112.